BURE SI MAANA YAKE HAKINA MWENYEWE: Historia ya programu zilizosafiri ndani ya bahasha



Ndugu zangu wapenzi, kuna neno moja limetuharibia tabia katika zama hizi za simu. Neno hilo ni "bure". Mtu akiona kitu mtandaoni hakina bei, papo hapo anakihesabu kuwa hakina mwenyewe. Anakichukua, anakikatakata, anafuta jina la aliyekitengeneza, anaweka lake. Wengine wanafika mpaka kukiuza. Ukimuuliza, anakujibu: "Sheikh, si kilikuwa bure?"

Leo sitaanza na hukumu. Nitaanza na historia ya watu waliogawiana programu za kompyuta kwa njia ya posta, kabla intaneti haijaingia majumbani. Wengi wao hawakuwa Waislamu, na habari zao hazimo katika vitabu vya madrasa. Lakini mazingatio huchukuliwa popote yanapopatikana, na hawa wana la kutufundisha juu ya amana. Soma mpaka mwisho.

ZAMA ZA DISKETI

Vijana wa leo hamkuiona disketi, ambayo wengine waliiita flopi. Ni kisahani chembamba cha plastiki kilichopakwa madini ya sumaku, kimewekwa ndani ya kava. Kompyuta iliandika na kusoma humo. Disketi iliyotumika sana katika kompyuta za IBM miaka ya themanini ilibeba kilobaiti 360 tu. Picha moja unayoipiga leo kwa simu yako haiingii humo. Lakini programu nzima ya kuandikia barua, pamoja na maelezo yake, ilienea.

Basi mtu wa Marekani au Uingereza aliyetaka programu alikuwa na njia chache. Aende dukani akanunue kwa bei kubwa. Au anunue gazeti la kompyuta lililochapishwa programu mstari kwa mstari, akae aiandike kwa mkono wake, na akikosea alama moja programu haifanyi kazi. Au apate nakala kwa mwenzake. Hiyo njia ya tatu ndiyo iliyozaa ugomvi.

UGOMVI WA MWAKA 1976

Mwaka 1975 ilitoka kompyuta ndogo iliyoitwa Altair 8800. Vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, waliiandikia programu ya BASIC, ambayo ndiyo lugha ya kuiamrisha kompyuta. Wakati huo programu ilikuja kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Wapenzi wa kompyuta kule California walikuwa na klabu yao, Homebrew Computer Club. Utepe wa BASIC ukawafikia, wakaudurufu, wakagawiana.

Februari 1976 Gates aliandika barua ya wazi kwa wapenzi hao. Alilalamika kwamba wanaoitumia BASIC ni wengi, lakini katika wenye Altair waliolipa hawafiki asilimia 10. Akasema muda waliotumia kuiandika, ukiugawa kwa pato, haufiki dola 2 kwa saa. Kwa maneno mengine, aliwaambia kuwa wameiba.

Wengi walikasirika. Lakini wapo waliojibu kwa vitendo. Jarida la Dr. Dobb's Journal, lililoanza mwaka huohuo wa 1976, lilikuwa likichapisha BASIC ndogo zilizoandikwa na watu mbalimbali ili kila mmoja azipate. Mmoja wao, Tom Pittman, aliiuza yake kwa dola 5 tu. Hoja yake ilikuwa nyepesi: bei ikiwa ya haki, watu hawataona haja ya kuiba.

Zingatieni, ndugu zangu. Pande zote mbili zilikuwa na neno la kweli. Aliyefanya kazi ana haki ya jasho lake. Na elimu ikifungiwa kwa bei isiyofikika, watu wataitafuta kwa mlango wa nyuma. Swali likawa: je, ipo njia ya tatu, mwandishi asidhulumiwe na mhitaji asizuiwe?

WATU WAWILI WASIOJUANA

Njia hiyo ilionekana mwaka 1982, na ililetwa na watu wawili ambao hawakuwa wakijuana.

Wa kwanza ni Jim Knopf, mfanyakazi wa IBM katika eneo la Seattle. Alikuwa ameandika programu ya kupanga orodha za majina na kuchapa anuani, kwa ajili ya kazi za kanisa lake. Wenzake kazini wakaipenda, akawapa. Wao wakawapa wengine. Ikawa kila akiirekebisha anatakiwa kuwatumia watu wote nakala mpya, na disketi zina gharama, stempu zina gharama. Mfuko wake hauwezi.

Akafanya jambo dogo. Ndani ya programu yenyewe aliweka ujumbe: ukiiona inakufaa, nitumie dola 10 zinisaidie, nami nitakuweka kwenye orodha ya watakaopelekewa marekebisho. Na akawaruhusu watu kuinakili na kuwapa wengine. Mwenyewe amesimulia kwamba mkewe alimwona anaota ndoto, eti watu watume pesa kwa kitu ambacho tayari wanacho mkononi!

Wa pili ni Andrew Fluegelman wa eneo la San Francisco, mwanasheria aliyeingia katika uchapishaji. Yeye aliandika programu iliyoitwa PC-Talk, ya kuziwezesha kompyuta mbili kuwasiliana kwa laini ya simu. Alikuwa amewaona watu wa televisheni za umma kule kwao, namna wanavyoonyesha vipindi kwanza kisha wakawaomba watazamaji wachangie. Akasema: kwa nini programu isiwe hivyo?

Utaratibu wake ulikuwa huu. Wewe unamtumia disketi tupu, pamoja na bahasha ya kurudishia iliyoandikwa anuani yako na kubandikwa stempu. Yeye anaiweka programu kwenye disketi yako na kuirudisha posta. Hajakutoza kitu. Ukiifungua, inakuomba mchango wa dola 25 ikiwa umeona faida yake. Uchangie usichangie, unaombwa uinakili na kuwapa wengine, lakini uipe kama ilivyo, bila kuiuza na bila kuondoa tangazo lile.

Siku moja mtu aliyezipata programu zote mbili aliona maombi yake yanafanana, akawajulisha. Wakawasiliana. Je, waligombana nani wa kwanza? Hapana. Walikubaliana kila mmoja atangaze programu ya mwenzake ndani ya yake, Knopf akabadilisha jina la programu yake ikawa PC-File ili zifanane, na wote wakaomba dola 25.

Na pesa zikaja! Bahasha kwa bahasha, hundi kwa hundi, kutoka kwa watu ambao wangeweza kabisa kukaa kimya na hakuna ambaye angewajua. Si wote waliolipa, na wala si wengi ukiwalinganisha na watumiaji. Lakini waliolipa walitosha kumfanya Knopf aache kazi IBM na kuishi kwa programu yake. Fluegelman hakuishi muda mrefu kuona matunda yote, kwani mwaka 1985 alitoweka, gari lake likakutwa karibu na daraja la Golden Gate.

Wa tatu akawafuata: Bob Wallace, mmoja wa wafanyakazi wa mwanzo kabisa wa Microsoft. Aliondoka huko mwaka 1983 na kutoa programu ya uandishi, PC-Write. Disketi yake ilipatikana kwa dola 10, na uliruhusiwa kuinakili na kuwapa watu. Ukijisajili kwa dola 75, unapata kitabu cha maelezo, msaada wa simu na nakala yenye namba yako. Nakala hiyo yenye namba yako ikimfikia mtu mwingine naye akajisajili, Wallace anakutumia dola 25. Yaani mgawaji naye akawa na fungu lake la halali, kwa ridhaa ya mwenye mali.

MBEBAJI MWAMINIFU

Hapo tumewazungumza waandishi. Lakini bidhaa haifiki bila mbebaji, na katika wabebaji wa zama zile namtaja mmoja, Fred Fish, Mmarekani.

Mwaka 1985 ilitoka kompyuta ya nyumbani iliyoitwa Amiga, iliyopendwa sana Marekani na zaidi Ulaya. Kuanzia 1986 Fish alianza kukusanya programu ambazo waandishi wake wameruhusu zigawiwe. Waandishi walimtumia kazi zao, naye anachagua, anapanga, anajaza disketi, anaipa namba. Disketi ya Amiga ilibeba kilobaiti 880. Kisha anazipeleka kwa posta katika vilabu vya watumiaji, na vilabu vinadurufu na kugawa kwa wanachama. Kwa kawaida kilichotozwa ni gharama ya disketi na stempu. Kazi hiyo ilikwenda mpaka 1994, na disketi zake zikapita 1,000. Mpaka leo waliozitumia wanaziita kwa jina lake.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya niandike somo hili. Katika kila disketi Fish aliweka orodha ya yaliyomo. Kila programu imetajwa jina lake, kazi yake, toleo lake, na jina la mwandishi wake. Kama mwandishi ametoa pia maandishi ya ndani ya programu ili watu wajifunze namna ilivyotengenezwa, hilo nalo limeelezwa.

Ninyi mliosoma madrasa, hilo linawakumbusha nini? Linawakumbusha isnadi. Elimu yetu haikutufikia kwa "nimesikia watu wanasema". Imetufikia kwa fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani. Anayepokea anajua kitu kimetoka kwa nani na kimepita kwa nani. Fish hakuijua istilahi hiyo, lakini aliifahamu haja yake: kinachopita mikono mingi, jina la mwenyewe lisipolindwa, mwishowe kitakuwa cha kila mtu na si cha yeyote.

Fred Fish alifariki Aprili 2007, akiwa na miaka 54.

WALIOUZA, NA WALIOKHINI

Palipo na kheri, wajanja hawakosi. Zikaanzishwa biashara za kuuza disketi hizo kwa posta. Marekani ilikuwepo PC-SIG yenye katalogi nene. Uingereza ziliibuka maktaba nyingi za namna hiyo, mojawapo 17 Bit Software ya mji wa Wakefield, ambayo baadaye iliingia katika kuunda kampuni ya michezo ya kompyuta ya Team17.

Wengi wao walifanya kazi ya halali: mtu anahifadhi maelfu ya programu, ananunua disketi, anadurufu, anapeleka posta, ana haki ya ujira. Tatizo lilikuwa mnunuzi. Ametoa dola chache kwa muuza disketi, anadhani ameshalipia programu. Mwandishi aliyekesha usiku hakupata hata senti. Hali hii ilichangia waandishi kuungana mwaka 1987 na kuunda chama chao, Association of Shareware Professionals. Miongoni mwa waliyoyasimamia ni kwamba muuzaji amweleze mnunuzi waziwazi: ulichonilipa ni gharama ya disketi, haki ya mwandishi bado iko shingoni mwako.

Kisha ikaja khiyana kubwa zaidi. Mwaka 1986, mjini Lahore, Pakistan, ndugu wawili wenye duka la kompyuta walitengeneza kirusi kilichoitwa Brain, kikajificha ndani ya disketi na kuhamia disketi nyingine. Wao walieleza kuwa lengo lilikuwa kuwajua wanaoiba programu yao ya kitabibu, na ndani yake waliandika majina yao, anuani na namba za simu. Lakini kirusi hakina macho ya kumtambua mwizi na asiye mwizi. Kilisambaa nchi za mbali na kuwafikia watu wasiohusika kabisa. Hili ni funzo peke yake: ukidhulumiwa, usilipize kwa kitu usichoweza kukizuia kisiwadhuru wengine.

Na Desemba 1989 posta ilileta msiba. Maelfu ya watu katika nchi mbalimbali, wakiwemo waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu UKIMWI, walipokea bahasha yenye disketi iliyoandikwa kuwa ina taarifa za ugonjwa huo. Nani ataogopa disketi ya kuokoa maisha? Wakaiweka kwenye kompyuta. Baada ya kompyuta kuwashwa mara 90 hivi, programu ile iliyageuza majina ya mafaili yasisomeke, ikatoa amri: tuma dola 189 kwenye sanduku la posta Panama. Hawa mnaowasikia leo wanafunga kompyuta za hospitali na kudai fidia, njia yao ilianzia ndani ya bahasha ile.

Tazameni basi. Bahasha ni ileile, stempu ni ileile, disketi ni ileile. Mmoja amepakia manufaa, mwingine amepakia sumu. Chombo hakina dini, mwenye nia ndiye anayekipa sura.

Baada ya hapo mambo yakabadilika. Mwishoni mwa 1993 mchezo wa Doom ulitolewa sehemu ya kwanza bure, watu wainakili watakavyo, na anayetaka zilizobaki anunue. Zikaja sidii zinazobeba mamia ya disketi, kisha intaneti ikaingia majumbani, na bahasha ikapumzika. Lakini programu unayoijaribu leo siku 30 kwenye simu ni mjukuu wa ujumbe wa Jim Knopf.

TUNACHUKUA NINI?

Huku kwetu Afrika Mashariki disketi hizo hazikuwa nyingi, lakini sisi tulikuwa na kanda za mawaidha. Sheikh anadarisi, mtu anarekodi, kanda inadurufiwa, inapanda basi, inafika mji wa mbali. Leo ni klipu za WhatsApp. Basi mafunzo haya yanatuhusu moja kwa moja.

1. BURE NI IDHINI, NA IDHINI INA MIPAKA. Aliyekuruhusu kutumia hajakuruhusu kuuza. Aliyekuruhusu kunakili hajakuruhusu kufuta jina lake. Dini yetu inatufundisha kwamba Muislamu hufungwa na sharti alilolikubali, maadamu halihalalishi haramu wala kuharamisha halali. Na msidhani hili ni jambo la Wazungu peke yao. Desemba 1988, disketi zikiwa bado zinazunguka posta, wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi walikutana Kuwait na kupitisha kwamba haki za utunzi na ugunduzi ni haki zinazolindwa na sheria ya Kiislamu, zina thamani ya mali, na haifai kuzivamia.

2. TOFAUTISHA OMBI NA SHARTI. Mwenye programu akisema "changia ukipenda", usipochangia huna dhambi, ingawa mwenye moyo wa shukrani hukumbuka. Lakini akisema "jaribu mwezi mmoja, ukiendelea lipia", nawe ukaendelea mwaka wa tatu kwa nakala iliyovunjwa kufuli, hiyo ni haki ya mja mwenzako. Na haki za waja hazifutwi kwa istighfari peke yake mpaka mwenyewe alipwe au asamehe.

3. MWENYE KIBANDA CHA KUNAKILI, JUA UNACHOUZA. Ujira wa kazi yako na umeme wako ni halali, ikiwa mwenye kitu ameruhusu kinakiliwe. Lakini usimuuzie mtu jasho la mwingine kwa jina la "kujaziwa fleshi".

4. MBEBAJI ANA DHAMANA. Kabla hujabonyeza kutuma, jiulize: kimetoka kwa nani? Nimekikuta kizima au kimekatwa? Klipu ya sheikh iliyokatwa dakika mbili kabla hajamaliza hoja inaweza kumzulia neno ambalo hakulisema, nawe ukawa umeshiriki. Na kiungo usichokijua asili yake usiwatumie jamaa zako, usije ukawa tarishi wa bahasha ya Panama.

5. USIDHARAU KUTOA KIDOGO. Knopf aliandika orodha ya majina kwa ajili ya watu wa ibada wa kwao, ikafika mbali. Nanyi vijana wetu mnaojua kompyuta, msikiti wenu hauna daftari la zaka? Madrasa haina ratiba? Hakuna hata programu ndogo ya hesabu za mirathi? Mtume wetu ﷺ ametufahamisha kwamba mtu akifa matendo yake hukatika isipokuwa mambo matatu, na mojawapo ni elimu iliyoachwa ikinufaisha watu. Programu uliyoiandika kwa ikhlasi na kuiacha itumike ni mlango wa hilo, inshaallah.

Ndugu zangu, wale watu walikuwa hawaonani. Mmoja yuko mji huu, mwingine bara jingine, kati yao ni karani wa posta na kipande cha plastiki. Hapakuwa na polisi wa kumfuata asiyelipa, wala wa kumzuia anayetaka kufuta jina. Kilichowaunganisha ni uaminifu tu. Nasi tunaoamini kwamba yupo Mwenye kutuona tukiwa peke yetu na simu zetu usiku wa manane, hatustahili kuwa nyuma yao.

Allah atuwafikishe kuzitambua haki za watu na kuzirudisha kwa wenyewe kabla ya siku isiyolipwa kwa dinari wala dirhamu. Aamin.

Ukitaka kulituma somo hili, litume. Ni bure. Ila litume zima kama lilivyo.

Wabillahi tawfiq.